Dawa ni bure, shida mkalimani

Kwanza niseme hili mapema. Watu wote mtakaokutana nao humu nimewachanganya, huyu nimempa umri wa yule, mwingine nimembadilisha mpaka kabila, mji sitautaja, kwa hiyo usije ukakaa kwenye grupu la WhatsApp ukaanza kuotea "aah, huyu si yule wa kwa nanihii". Ukiotea utakosea, na hiyo tabia ya kuotea ndo imenifanya nikae saa tano usiku naandika badala ya kulala.

Mi ni mkalimani wa hospitali. Kiswahili kwenda Kiingereza, Kiingereza kurudi Kiswahili, hapa Uingereza, tangu 2010. Nimezaliwa Tanga, na we nisikilize dakika moja tu nikiongea utajua, Kitanga hakijifichi (hilo likumbuke, tutalirudia). Watu wanafikiri wateja wangu ni Wabongo na Wakenya, wapi. Wengi ni Wakongo wa Kivu, wako Warundi, wako Wabajuni wa kule Kismayu na visiwa vyake, na wamama wa Zanzibar waliokuja zamani na Kiingereza kikawagomea mpaka wamezeeka. Napelekwa kokote, meno, uzazi, macho, figo. Ila kliniki ninayoijua kuliko zote ni ile ya virusi vya UKIMWI, ambayo mlangoni hawajaandika ugonjwa wowote, wameandika jina la mtu tu, utadhani gesti.

Mwaka wangu wa kwanza nilipangiwa kaka mmoja, kijana, mwembamba hadi saa inamtoka mkononi. Alikuwa na TB na alikuwa na virusi, vyote kaambiwa wiki moja. Ombi lake la ukimbizi lilishakataliwa, rufaa imeisha, yupo yupo tu. Daktari akamweleza dawa za kifua vizuri kabisa, mi natafsiri. Halafu akaingia bwana mmoja wa upande wa malipo, ana fomu. Sasa utaratibu wa wakati ule ulikuwa hivi: kupima virusi bure, ushauri bure, TB kupima na kutibiwa bure, lakini dawa za virusi kama huna makaratasi unalipia. Kwa hiyo nikajikuta namwambia mtu mmoja, mwenye mwili mmoja, kwamba kifua chako bure ila damu yako ina bili. Akaniangalia. "Dada, umetafsiri sawa?" Nimetafsiri sawa. Akacheka, na hakikuwa kicheko cha hasira, alicheka kama mtu aliyesikia kichekesho kitamu kweli, mpaka yule bwana wa fomu akaniuliza amesema nini nikamwambia hajasema kitu.

Dawa alipewa mwisho wa siku, maana daktari alikomaa akaandika kwamba hii haiwezi kusubiri, na kitu kisichoweza kusubiri hawaruhusiwi kukuzuia. Bili ikamfuata kwa posta. Akahama anuani.

Huo utaratibu ulifutwa tarehe 1 Oktoba 2012. Tangu siku hiyo, hapa England, matibabu ya virusi ni bure kwa mtu yeyote, una viza huna viza, ombi limekubaliwa limekataliwa, umekuja kwa ndege umekuja chini ya lori. Na siyo huruma tu, ni hesabu pia, mtu aliye kwenye dozi na virusi vyake vimeshuka mpaka kipimo hakivioni hamwambukizi mwenzie kitandani, sasa ukimnyima dawa unamkomoa nani.

Basi ungedhani stori imeishia hapo. Sheria ilibadilika siku moja ila maneno ya watu wetu mpaka leo yako mwaka 2009. Nakutana na mtu ameishi hapa miaka sita, anajijua tangu yuko Bujumbura, hajawahi kukanyaga kliniki, anatumiwa dawa kwenye begi la mtu anayetoka nyumbani, chupa imebanduliwa lebo imeandikwa vitamini, na mtu wa begi akichelewa basi dozi imekatika wiki tatu, mwezi. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia niliambiwa watanipa bili ya maelfu halafu Home Office, wale wa wizara ya uhamiaji, watakuja asubuhi na gari. Nani alikwambia? Watu.

Na mi siwezi kuwacheka hao watu, maana hawakuota. Januari 2017 kulianza makubaliano rasmi kati ya Home Office na NHS Digital, yaani ile taasisi iliyokuwa inatunza data za wagonjwa, ya kupewa vitu kama anuani za watu wanaowatafuta kwa sababu ya uhamiaji. Anuani uliyoiacha kwa daktari wa mtaa ukitafuta dawa ya kikohozi! Kelele zikapigwa, madaktari, wabunge, watetezi, na Mei 2018 ikasitishwa kwa sehemu kubwa. Sawa, ila we jaribu kumweleza mtu aliyekimbia nchi yake kwamba walikuwa wanatoa anuani lakini wameacha. Atakuitikia "sawa dada" na hutamwona tena.

Halafu bili nazo zipo kweli, ndo ugumu wa kuelezea ulipo. Dawa za virusi bure, lakini ukitoka kliniki ile ukapelekwa idara nyingine ya hospitali, labda una uvimbe kwenye kizazi, huna makaratasi, pale unachajiwa asilimia 150 ya gharama, na tangu Oktoba 2017 kama siyo jambo la haraka unatakiwa ulipe kwanza ndo utibiwe. Deni likifika pauni 500 na miezi miwili imepita, Home Office wanaweza kujulishwa. Sasa mgonjwa wa kawaida anaona hospitali ni moja, geti ni moja, kadi ni moja. Atajuaje kwamba korido ya kushoto haina bili na korido ya kulia inayo? Mi mwenyewe ilinichukua miaka kuielewa na nalipwa kuielewa.

Kuna yule mama wa Kihaya aliyekuwa amekunja barua mara nane hadi imekuwa kama kidonge. Ilikuwa bili ya idara nyingine kabisa, alikatwa uvimbe. Yeye akaunganisha, akaacha na dawa za virusi, akasema nisije nikaongeza deni. Miezi mitano. Alikuja amebebwa.

Risepsheni ya daktari wa mtaa nayo ni kituo chake. Mwongozo wa NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, uko wazi kwamba kujiandikisha kwa daktari huyo hakuhitaji pasipoti wala uthibitisho wa anuani, lakini nimesimama na watu kwenye kaunta binti anauliza bili ya umeme, na mtu anayelala kwenye sofa la mtu bili ya umeme ataitoa wapi jamani. Naruhusiwa kutafsiri tu, siruhusiwi kutetea. Nikiwa nimechoka huwa nasahau hiyo ruhusa.

Walioko kwenye mahoteli ya wakimbizi ndo kabisa. Ukilishwa hotelini posho yako ni chini ya pauni 10 kwa wiki. Tangu 2025 basi la kawaida ukomo wa nauli ni pauni 3 safari moja, kwa hiyo kliniki kwenda na kurudi ni 6, na kama iko mabasi mawili wiki nzima imeisha na bado hujanunua hata sabuni. Ukirudi saa nane chakula cha mchana kimeondolewa. Na dawa zinataka umeze ukiwa umetulia, sasa we unalala chumba kimoja na watu watatu usiowajua, kopo la vidonge utalificha wapi, yaani nimeambiwa sehemu ambazo watu wanaficha vidonge, soksi, ndani ya Biblia iliyochimbwa katikati, kwenye kopo la maziwa ya unga. Halafu siku moja inakuja barua kesho unahamishwa mji mwingine, begi moja, gari saa mbili asubuhi. Kliniki ya zamani haijui umeenda wapi, ya mpya haijui kama upo. Na huko mji mpya kidonge chenyewe kinaweza kubadilika. Hili linawatisha watu wetu kuliko madaktari wanavyojua. Kule nyumbani umezoea kidonge kimoja, kile chenye dolutegravir ndani yake, kopo moja miezi mitatu. Hapa unapewa viwili, rangi nyingine, daktari anasema ni dawa zilezile tu zimefungwa tofauti, mgonjwa anatoka nje ananiambia, "Dada, kweli? Au ndo wameniona sifai?"

Sasa nije kwenye maneno, maana hapa ndo kazini kwangu.

Bongo tunasema dawa za kufubaza virusi, neno zuri, mi nalipenda, virusi vinafubaa kama khanga iliyoanikwa juani. Nikalitumia kwa Mkongo wa Uvira. "Kufubaza njo nini?" Hakulijua. UKIMWI pia hasemi, anasema SIDA. Daktari ni munganga. Kuna dada mmoja wa Bukavu, huyo nitamrudia, alinifundisha kwamba kidonge kwao ni kinini, mi nikawa naongea habari ya vidonge yeye ananiangalia kwa adabu tu, ziara nzima. Kumbe siku hiyo tulikuwa tumekaa watatu chumbani na hakuna hata mmoja anayemsikia mwenzie.

Na balaa lingine ni kutokuonekana. Daktari wa Kiingereza akifurahi anasema virusi vyako havionekani, anatabasamu, anasubiri na wewe ufurahi. Mi natafsiri. Yule dada akanyamaza halafu akauliza polepole, "Kama havionekane, njo kusema nilisha kupona?" Unaona mtego? Nikitafsiri neno kwa neno atatupa dawa. Nikiongeza maelezo yangu nimevunja kanuni. Nikamwomba daktari aeleze upya, akachora bwawa na samaki kwenye karatasi, samaki wamebaki wachache mno wamejificha chini kwenye matope, ukiacha kumwaga dawa wanazaana tena. Alichora vibaya, walionekana kama maharage. Ila dada akaelewa, akaomba ile karatasi aende nayo. Halafu akasita, akairudisha. Nyumbani ingeulizwa ni ya nini.

Huyo dada aliolewa na Mtanzania. Ana mawifi wanne mji huuhuu. Shika hapo.

Wabajuni ndo walionifungua macho kwamba Kiswahili chenyewe kinaweza kuwa kizuizi. Kulikuwa na mzee, shikamoo yake naitoa kwa heshima zote, alikuwa anasema hataki mkalimani kabisa, anapambana na Kiingereza chake cha maneno arobaini, na wauguzi wanaona ni ukaidi. Kumbe kesi yake ya ukimbizi ilikuwa inasimama kwenye jambo moja, kwamba yeye ni Mbajuni wa Somalia na siyo wa upande wa Lamu. Home Office wamewahi kurekodi watu wakiongea na kupeleka sauti zikachunguzwe, huyu anatamka kama wa upande gani wa mpaka. Sasa mzee akajiuliza, nikiongea Kiswahili hospitali, huyu binti wa Tanga si ataandika mahali kwamba mzee anaongea kama Mkenya? Siandiki popote. Yeye atajuaje.

Na wale wanaoogopa kurudishwa hawaogopi hewa. Mei 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg iliamua kesi ya mama wa Uganda, kwenye karatasi anaitwa N tu, alikuwa na virusi, anatibiwa hapa, Uingereza ikataka kumrudisha. Majaji 14 kwa 3 wakasema kumrudisha hakuvunji haki zake. Mstari huo ulikuja kulegezwa na mahakama hiyohiyo Desemba 2016 kwenye kesi ya Mgeorgia mmoja aliyekuwa Ubelgiji, halafu Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaufuata Aprili 2020, kesi ya Mzimbabwe mwenye virusi. Sasa hivi mwanasheria anaweza kubishana kama dawa kweli utaipata ukirudishwa, we mwenyewe, siyo kama ipo tu nchini. Na jibu la "kwenu dawa zipo" lilikuwa linaanza kuwa na nguvu, maana kweli zipo, mpaka Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje ghafla na wiki hiyo nikapigiwa simu na binamu yangu Muheza anauliza, eti dada, sisi huku tutaendelea kupewa? Mi ni mkalimani, nijue nini.

Haya, harusi.

Ukumbi wa jumuiya, pilau, taarabu, watoto wanateleza kwenye sakafu. Kanuni yangu ni moja, mgonjwa nikikutana naye nje simsalimii mpaka anisalimie. Nimemwona yule dada wa Bukavu amekaa na mawifi zake, naye kaniona, nikageuza shingo kama simjui. Mpaka hapo salama. Ila wifi yake mkubwa tunafahamiana, mtu mchangamfu, akanivuta mkono, "Njoo nikujulishe kwa wifi yetu Mkongo, hana mtu wa kuongea naye, we si unajua Wakongo wengi, si unatafsiri hospitali, kule kwenye ile kliniki…" na akashusha sauti kwa mbwembwe, ile ya kushusha ili isikike.

Tukasimama uso kwa uso. Na mi, sijui nilipatwa na nini, uso wangu ukamjua kabla sijauzuia. Tabasamu lilitoka lenyewe. Wifi akadaka. "He, kumbe mnajuana! Mmejuana wapi?"

"Sokoni," nikasema mimi.

"Kanisani," akasema yeye. Kwa pamoja.

Mi ni Mwislamu, nimevaa ushungi.

Sikusema siri ya mtu. Nataka hilo lieleweke, miaka yote hii sijawahi kutoa siri ya mtu, nimeapa na nimetimiza. Lakini wala haikuhitajika niseme. Kunijua mimi tu kulishatosha, mi mwenyewe ndo nilikuwa tangazo lililovaa ushungi. Wifi alitazama mmoja, akatazama mwingine, akasema "haya, kuleni pilau", na usiku mzima nilikuwa naona meza ile imeinamiana.

Miadi iliyofuata dada hakuja. Nilikaa kwenye kile kiti cha mkalimani dakika arobaini. Iliyofuata pia hakuja. Muuguzi akaniuliza kama nina wazo lolote kwa nini, na hilo ni swali ambalo siruhusiwi kulijibu na sikuwa na ujasiri wa kulijibu. Ripoti za afya za hapa kila mwaka zinasema Waafrika weusi tunagundulika tukiwa tumechelewa, na mabango yanatengenezwa, na bajeti ya mabango, sura za kutabasamu, njoo upime. Bango gani litamwambia yule dada kwamba wifi yake hatauliza mmejuana wapi?

Wiki kama kumi zikapita. Siku moja naangalia ratiba ya kliniki ubaoni, ile ya herufi za kwanza tu bila majina, nikaona herufi ninazozijua, saa nne na nusu, daktari yuleyule. Alikuwa amerudi. Nikaangalia safu ya lugha nikidhani nitaona Kiswahili kwa simu, mkalimani wa mbali asiye na sura, wengi wanachagua hivyo siku hizi nami nawashauri. Hapana. Imeandikwa Kifaransa.

Kifaransa chake nakijua, aliwahi kunisimulia, aliachia shule ya msingi vita ilipowafikia. Ni cha kusalimia na kuhesabu. Lakini mkalimani wa Kifaransa wa pale ni Mkameruni, mzee wa watu, hana wifi hapa mjini, haendi harusi zetu, hajui hata pilau tunakula na nini.

Nilikutana naye jikoni ya wafanyakazi mchana, anakoroga kahawa. Akaniuliza, we mtu wa Kiswahili, hebu nisaidie, kuna neno nilikuwa nalisikia asubuhi likirudiwarudiwa na sikulipata, kinini, kinini ni nini?

Kidonge, nikamwambia. Sikumuuliza mgonjwa gani.